Kutoka Rangi hadi Daraja: Mitaa ya Wenye Nacho Bukavu na Bujumbura

Utangulizi

Uvira ni mji uliokaa kati ya miji miwili iliyoupita kwa cheo. Mashariki, ng'ambo ya ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, uko Bujumbura, ambao taa zake huonekana usiku kutoka ufukwe wa Uvira. Kaskazini, baada ya kulipita bonde la Ruzizi na kuzipanda kona za milima toka Kamanyola, uko Bukavu, makao ya jimbo la Kivu ya Kusini. Mtu wa Lemera, huko juu katika nchi ya Wafuliiru, amezoea tangu zamani kuteremka milima yake na kuielekea miji hiyo kutafuta kazi, shule na soko. Na katika miji yote miwili ameikuta mitaa ambayo huiingia asubuhi kwa sababu ya kibarua na kuitoka kabla ya giza.

Katika Bukavu mitaa hiyo ni Muhumba na rasi iitwayo La Botte, katika tarafa ya Ibanda. Katika Bujumbura ni Rohero, Kabondo na kilima cha Kiriri. Yote ilipimwa na kujengwa wakati wa utawala wa Wabelgiji kwa ajili ya watu wa rangi moja tu. Yote, katika muda wa miaka michache baada ya uhuru, ilibadilika rangi karibu kabisa. Hata hivyo, yote imebaki kuwa mitaa ya watu wachache wenye nacho.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo. Hoja yake ni kwamba uhuru uliondoa sharti la rangi lililomzuia mtu kukaa katika mitaa hiyo, lakini haukugusa mambo matatu yaliyokuwa yameipa mitaa hiyo thamani yake: ukubwa wa viwanja, mabomba na nyaya zilizotangulia kufika huko, na mamlaka ya serikali ya kugawa ardhi kwa imtakaye. Kwa kuwa mambo hayo matatu yalibaki, daraja lilibaki pia, na kila tabaka jipya la watawala liliingia katika nyumba za lile lililotangulia.

Ramani ya Rangi

Wajerumani walijenga ngome yao Usumbura mwaka 1897. Waliokaa kuizunguka walikuwa askari, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, Umanyema na pwani, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji waliutwaa mji huo mwezi wa Juni 1916. Baada ya vita walikabidhiwa Ruanda-Urundi kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na sheria ya mwaka 1925 ikaiunganisha nchi hiyo na Kongo ya Kibelgiji kiutawala. Tangu hapo Usumbura, makao makuu ya Ruanda-Urundi, na miji ya Kivu iliendeshwa kwa fikra zile zile na mara nyingi na maofisa wale wale.

Bukavu ulipewa jina la Costermansville mwaka 1927. Mwaka uliofuata iliundwa Comité National du Kivu, kampuni yenye mamlaka makubwa juu ya ardhi ya jimbo, iliyokusudiwa pamoja na mambo mengine kuwavuta walowezi wa Kizungu. Hali ya hewa ya milimani, kahawa, chai na mandhari ya ziwa Kivu vilitangazwa Ulaya kama neema. Mji wa walowezi hao ukajengwa juu ya rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, ambako upepo hauishi na maji huonekana kutoka kila dirisha.

Waafrika waliwekwa kwingine. Huko Bukavu walipewa miteremko ya Kadutu, na baadaye Bagira. Huko Usumbura walipewa tambarare: Buyenzi, uliojulikana kama kijiji cha Waswahili, na mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Katika Kongo, amri ya mwaka 1931 iliyaweka makazi ya namna hiyo chini ya utawala wa pekee, yakaitwa kwa Kifaransa centre extra-coutumier, yaani mahali pa watu waliotoka chini ya mamlaka ya machifu wao bila kuingia katika mji wa Wazungu. Walikuwa mjini, lakini si watu wa mji. Usiku hawakuruhusiwa kuonekana katika mitaa ya Wazungu bila kibali.

Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa afya. Tangu Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye abebaye vijidudu vya malaria, madaktari wengi wa kikoloni walidai kwamba damu ya Mwafrika ni ghala la ugonjwa, na kwamba Mzungu atakuwa salama iwapo nyumba yake itatengwa kwa umbali ambao mbu hawezi kuuruka. Kutokana na dai hilo ukatokea ukanda mtupu ulioachwa kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika. Fikra hiyo haikuwa ya Wabelgiji peke yao. Profesa Simpson aliipendekeza katika makoloni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki mnamo 1913 na 1914, na Dar es Salaam iligawanywa katika kanda tatu mwaka 1924, kanda ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Lakini hoja ya mbu ilijikanusha yenyewe ndani ya ua wa kila nyumba ya Kizungu. Nyuma ya jumba, karibu na ukuta wa mwisho wa kiwanja, palijengwa safu ya vyumba vidogo vilivyoitwa boyeri, makao ya mpishi, dobi, mtunza bustani na yaya. Iwapo Mwafrika alikuwa hatari kwa umbali wa nusu kilomita, haikuelezwa kwa nini hakuwa hatari kwa umbali wa hatua ishirini. Ukweli ni kwamba mtumishi aliruhusiwa kwa sababu alikuwa mtumishi. Kilichokatazwa ni jirani. Mpango huo haukutenga miili ya watu, bali ulitenga vyeo vyao.

Mapato nayo yalifuata rangi. Ofisa wa Kizungu alipewa nyumba, likizo ya kwenda kwao na mshahara wa kiwango cha Ulaya. Karani wa Kiafrika, hata alipofanya kazi inayokaribiana na hiyo, alikuwa katika ngazi nyingine. Ni mwaka 1959 tu, ukingoni mwa uhuru, ambapo watumishi wote wa serikali ya Kongo waliwekwa chini ya kanuni moja. Hivyo mtaa ulikuwa hesabu iliyochorwa ardhini. Aliyejua mtu anakaa wapi alijua anapata kiasi gani, na aliyeuona uso wake alijua yote mawili.

Waliokaa Katikati

Ramani hiyo ya pande mbili haikuwatosha watu wote. Kulikuwa na Wahindi, Waarabu na Wagiriki, ambao maduka yao ndiyo yaliyounganisha mashamba ya ndani na bandari za ziwa. Huko Usumbura Waasia walitengewa mtaa wao, ambao hadi leo huitwa Asiatique. Walikaa katikati kwa mahali na kwa kipato: juu ya Mwafrika, chini ya Mbelgiji.

Kulikuwa pia na Waafrika waliosoma, walioitwa kwa Kifaransa évolués. Serikali ya Kongo iliwabunia hati ya sifa ya uraia mwaka 1948, na mwaka 1952 ikaweka utaratibu wa kuwaandikisha wachache miongoni mwao kuwa sawa na Wazungu mbele ya sheria. Mwombaji alichunguzwa nyumbani kwake: namna anavyokula, namna anavyokaa na mkewe, usafi wa vyombo vyake. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni kumi na mbili, waliofaulu kuandikishwa hivyo hawakuzidi mia chache. Hata hao, mlango waliofunguliwa ulikuwa wa mahakama na wa mkahawa. Ulikuwa bado si mlango wa nyumba ya Muhumba.

Waswahili wa Buyenzi walikuwa na njia nyingine. Hawakuhitaji cheti cha kustaarabika kwa kuwa walikuwa na ustaarabu wa mjini kabla ya Wabelgiji kufika. Walikuwa na biashara, misikiti na lugha iliyowafikisha hadi Kigoma na Tabora. Walichokikosa ni mtaji na leseni. Ndiyo sababu Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore alipoanzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara mwaka 1957 alipata kwao wafuasi wa mwanzo na waaminifu. Hapo ndipo swali la rangi lilipoanza kuulizwa kama swali la kipato: si nani aruhusiwe kuingia Rohero, bali nani aamue bei ya pamba na kahawa. Chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 mwezi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo Rwagasore aliuawa kwa risasi katika hoteli kando ya ziwa, na aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki mkazi wa mji huo. Swali lake likabaki bila kujibiwa.

Miaka ya Kuhama, 1957–1967

Ukuta wa sheria ulianza kuvunjwa kabla ya bendera kushushwa. Amri ya mwaka 1957 ilileta utawala wa manispaa katika Kongo, na mwaka 1958 wakazi wa Bukavu, uliokuwa umekwisha rudishiwa jina lake la asili, walipiga kura kuchagua madiwani wa tarafa zao. Lakini mipaka ya tarafa ilifuata mipaka ya zamani ya rangi. Ibanda ulikuwa mji wa Wazungu kwa jina jipya, na Kadutu na Bagira ilikuwa ile ile.

Mwezi wa Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, jeshi liliasi na Wazungu wa Kongo wakaanza kukimbia. Wengi wa Kivu walivuka kwenda Usumbura, ambako Ubelgiji ulikuwa bado unatawala hadi tarehe 1 Julai 1962. Hivyo kwa miaka miwili Rohero na Kiriri ilijaa Wazungu waliotoka Muhumba, wakati Muhumba wenyewe uliingiwa na mawaziri wa jimbo, makamishna na maofisa wa jeshi.

Walioingia hawakuwa na haja ya kujifunza maisha mapya ya mtaa. Vyeo vilivyoachwa wazi viliachwa pamoja na mishahara yake, nyumba zake na magari yake. Katika mwaka huo wa 1960 wabunge wa Kongo walijipandishia posho mara kadhaa, huku askari na mwalimu wakibaki walipokuwa. Hapo ndipo kiini cha mambo yote yaliyofuata kinapoonekana. Mshahara wa kikoloni ulikuwa umekadiriwa kwa kumfikiria mtu mmoja aliyetoka mbali, anayelipwa kwa jasho la mamia. Alipoondoka mtu huyo, kipimo cha mshahara hakikubadilishwa. Kilipata mwenyewe mpya.

Wazungu hawakuondoka wote kwa mara moja. Wenye mashamba walirudi, wakaondoka tena wakati wa uasi wa mwaka 1964, ambao uliuchukua Uvira mwezi wa Mei na kuushambulia Bukavu mwezi wa Agosti, kisha wakarudi tena wachache. Kilichomaliza mji wa walowezi ni mwaka 1967. Mamluki wa Jean Schramme waliuteka Bukavu mwanzoni mwa Agosti na kukaa humo hadi mwanzoni mwa Novemba, walipovuka mto Ruzizi kuingia Rwanda. Mji ulipokombolewa, nyumba nyingi za rasi zilikuwa zimevunjwa na kuporwa. Mtaa uliojengwa ili Mzungu akae salama uliangamizwa kwa sehemu kubwa na vita walivyovileta Wazungu.

Serikali Kama Mwenye Nyumba

Katika Kongo, iliyoitwa Zaire tangu 1971, hatua mbili za mwaka 1973 ziliipa mitaa hii sura yake ya kudumu. Sheria ya tarehe 20 Julai iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Mtu binafsi angeweza kupata haki ya kuitumia tu, kwa cheti kinachotolewa na ofisi ya ardhi. Kisha tarehe 30 Novemba Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Waliopewa waliitwa acquéreurs, yaani wapokeaji, na neno hilo likawa haraka neno la kejeli, kwa kuwa wengi walipokea maduka yaliyojaa bidhaa na baada ya miezi michache yakabaki rafu. Waliogawiwa walikuwa wanasiasa, maofisa, jamaa zao na wafanyabiashara waliokuwa karibu nao. Serikali ilianza kurudisha sehemu ya mali hizo mwaka 1976, lakini Wagiriki na Waasia wengi walikuwa wamekwisha ondoka.

Hatua hizo zilitetewa kwa lugha ya haki, na haki ilikuwemo. Ardhi ya Kivu ilikuwa imegawiwa walowezi na kampuni bila wenyeji kuulizwa, na barabara, mabomba na umeme wa mji wa Wazungu vililipiwa kwa kodi ya kichwa na kazi ya shuruti ya watu wasioruhusiwa kulala humo. Kuirudisha mali hiyo kwa wananchi kulikuwa ni kulipa deni. Tatizo ni kwamba deni lililipwa kwa watu wengine. Mjukuu wa mkulima aliyepokonywa shamba hakupata kiwanja, na mtumishi aliyekaa boyeri kwa miaka ishirini hakupata chumba alichokilalia. Vyote vilipita juu ya vichwa vyao, kutoka mkono mmoja wa juu hadi mwingine.

Burundi ulifika mahali pale pale kwa njia tofauti. Marais watatu waliofuatana baada ya ufalme kuangushwa mwaka 1966, yaani Micombero, Bagaza na Buyoya, walikuwa wanajeshi, na wote walitoka tarafa moja ya Rutovu katika mkoa wa Bururi. Nyumba za Rohero na Kiriri zilikaliwa kwa wingi na maofisa, wakurugenzi na wanadiplomasia, na njia ya kuzifikia ilikuwa cheo serikalini. Rangi ilipokoma kuwa kipimo, mahali pake palichukuliwa na asili ya mtu, mkoa wake na shule aliyosoma. Vita vilivyozuka baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993 viliigawanya mitaa ya wanyonge kikabila: Kamenge na Kinama ikabaki na Wahutu, Ngagara na Musaga ikabaki na Watutsi. Buyenzi, mtaa ule wa Waswahili, ulijulikana kwa kubaki na watu wa makabila yote. Baada ya mwaka 2005 waliokuwa wapiganaji wa msituni waliingia serikalini, wakaingia pia katika mitaa ile ile ya juu, na kujenga majumba mapya pembezoni mwake. Hivyo katika muda wa miaka hamsini Kiriri ulikuwa umeona Wabelgiji, kisha maofisa wa Bururi, kisha wapiganaji wa zamani. Kila kundi lilikuwa limelilaumu lile lililotangulia, na kila kundi lilikuta ufunguo mlangoni.

Fedha za Kigeni

Tangu miaka ya 1990 nguvu nyingine iliingia katika mitaa hii, nayo ni dola ya Kimarekani. Wimbi la wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994 lilileta mashirika ya misaada Bukavu na Uvira. Vita vya 1996 na 1998 viliyaongeza, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye haukuondoka Kivu ya Kusini hadi Juni 2024. Wageni hawa walihitaji nyumba zenye ukuta, jenereta na mahali pa kuegesha magari. Waliokuwa na cheti cha Muhumba au La Botte waliona kwamba pango la nyumba moja kwa mwezi lilipita kwa mbali sana mshahara wa mwalimu. Wengi walihama kwenda kukaa mahali pa bei nafuu na kuishi kwa pango hilo. Mzungu alirudi Muhumba, safari hii kama mpangaji, na Mwafrika mwenye nyumba akawa ndiye anayengojea malipo yake.

Sambamba na mashirika ilikuja fedha ya madini. Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwishoni mwa mwaka 2000, na dhahabu baada yake, wafanyabiashara wapya walinunua bustani za zamani, wakazikata vipande na kuzijaza ghorofa hadi ukingoni mwa maji. Boyeri iligeuzwa ikaitwa anekse na kupangishwa kwa karani au mhadhiri, ambaye sasa angeweza kutaja anwani ya heshima huku akikaa katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya dobi. Viwanja vya umma na njia za maji ya mvua navyo vilipata wenyewe.

Fedha ya namna hiyo hufuata amani na vita kama ndege. Machafuko ya mwaka 2015 yalipowaondoa wageni Bujumbura, pango la nyumba za Kiriri na Rohero lilishuka na mabango ya kutafuta wapangaji yakatundikwa milangoni. Bukavu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, wenye cheo wa Muhumba walikimbia kwa haraka kama walowezi wa mwaka 1960.

Ushahidi wa Lugha

Kiswahili cha eneo hili kimehifadhi historia hii kuliko majengo yenyewe. Katika Bukavu na Uvira watu husema hadi leo kwamba wanakwenda ville au wanakaa cité, maneno mawili ya Kifaransa ambayo kwa mkoloni yalikuwa na maana ya mji wa Wazungu na mji wa wenyeji. Sheria iliyoyapa maneno hayo nguvu ilikwisha zamani, lakini yanabaki kwa sababu yanachokitaja bado kipo: upande wenye lami na upande wenye vumbi.

Neno muzungu limesafiri mbali zaidi. Mfanyakazi wa Kivu anaweza kumwita mwajiri wake muzungu hata akiwa mweusi kama yeye, naye hakusudii rangi bali mkono unaolipa. Huko Dar es Salaam neno Uswahilini lilianza kuwa jina la kanda katika ramani, likaishia kuwa jina la umaskini, ingawa waliolibeba ni wenye lugha ya taifa. Katika kila mfano neno la rangi limekuwa neno la mfuko. Lugha haikukosea, iliona tu kwamba kiti ni kile kile na ikamwita kila aketiye juu yake kwa jina la aliyekitengeneza.

Juu na Chini

Wako wasemao kwamba kila mji duniani una matajiri na maskini wake, na kwamba hakuna ajabu katika hayo. Jibu ni kwamba miji mingi iligawanyika kwa karne nyingi na kwa njia nyingi, lakini hii iligawanywa kwa amri, katika muda wa miaka isiyozidi arobaini, na wapimaji waliojua ni wapi mlima unaporomoka na ni wapi mto unafurika. Sehemu imara zilichukuliwa kwanza, na zilizobaki ndizo zilizogawiwa wengi.

Matokeo yake hayako katika vitabu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Mwezi huo huo mto Ruzizi uliifunika Gatumba, upande wa Burundi. Katika Kadutu maporomoko ya udongo na mioto ni habari za kila mwaka, kwa kuwa watu waliongezeka mara nyingi juu ya mteremko ule ule waliopimiwa na mkoloni. Ni kweli kwamba kupanda kwa maji ya ziwa Tanganyika kumeziharibu pia nyumba za fahari zilizojengwa karibuni kando ya maji huko Kibenga. Lakini mwenye nyumba ya Kibenga ana mahali pengine pa kwenda. Na Kiriri, juu ya kilima chake, hauguswi na ziwa.

Hitimisho

Historia ya Muhumba na Rohero inaonyesha kwamba kubadilika kwa rangi ya wakazi si sawa na kubadilika kwa mtaa. Ubaguzi wa rangi ulikuwa uovu wa pekee, na kuondolewa kwake kulikuwa ushindi ambao haufai kudharauliwa. Mtoto wa Lemera wa leo hazuiwi na askari kupita Muhumba usiku kwa sababu ya ngozi yake. Lakini anazuiwa na bei, na bei hiyo ina historia. Ilianza kama amri ya serikali, ikawa cheo, ikawa cheti, ikawa dola.

Kazi kubwa ya utafiti bado haijafanyika. Nyaraka za mipango miji na sijili za ardhi zimeandikwa kwa Kifaransa na kuwaeleza wenye nyumba. Maisha ya ua wa nyuma yalikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo bwana na mpishi wake walisemezana Bukavu na Usumbura. Waliokaa boyeri kabla ya mwaka 1960 ni wazee sana sasa, nao hupungua kila mwaka. Wao ndio walioona familia moja ikifunga masanduku na nyingine ikiingia, wakabaki na funguo mfukoni kati ya safari hizo mbili. Wanafunzi wa Kiswahili wa Uvira, Bukavu na Bujumbura wanayo lugha ya kuwauliza. Kinachohitajika ni kwamba waulizwe mapema.